Taa zilizozimika Winam: Nani mwenye gati za meli za kale?

*Kabla ya lami, Nyanza Kusini iliuza, ilinunua na kusafiri kupitia gati za Homa Bay na Kendu Bay. Sasa mipango ya kufufua bandari za ziwa inazungumzwa tena, lakini swali la nini kibaki cha zile za zamani halijapata mwenyewe.*

Giza la mwezi ndilo msimu wa omena, dagaa wa ziwani. Jua likishazama, boti hutoka mialoni Homa Bay, Kendu Bay, Mbita na Karungu, kila moja na taa zake. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Wavuvi huziweka juu ya maji zielee, wadudu wakusanyike, omena wafuate wadudu, kisha wavu uteremke.

Kufikia saa tatu usiku, mtu aliyesimama kwenye mteremko wa kilima cha Got Asego akiangalia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria anaweza kudhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa.

Tatizo ni kwamba taa zote hizo zinaelea. Zinahama na wavu na upepo. Nahodha anayerudi saa kumi alfajiri, mvua ikimpiga usoni na pwani imefichwa na wingu, hawezi kuzitumia kujua nchi kavu iko upande gani. Anachohitaji ni taa moja isiyohama, inayowaka mahali palepale kila usiku, yenye rangi anayoijua.

Hiyo ndiyo kazi ya mnara wa taa. Katika bandari kubwa mnara husimama juu ya ukuta wa kuvunja mawimbi; katika bandari ndogo taa huwekwa kwenye nguzo, kwenye ncha ya gati. Umbo hutofautiana, lakini kazi ni ileile: kumwambia anayerudi, hapa ndipo mlangoni.

Sisi wa upande wa Asumbi tumezoea kuhesabu historia yetu kwa misheni na shule. Kanisa la Asumbi, shule ya wasichana na chuo cha walimu vinajulikana nchi nzima. Gati ya Homa Bay, iliyo mwendo mfupi wa matatu kutoka hapo, haitajwi, ilhali ndiyo iliyokuwa mlango wa eneo hili zima.

Meli iliyokuja kwa vipande

Reli ya Uganda ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Reli iliishia hapo. Kilichobaki, kutoka Kisumu hadi Uganda, hadi Mwanza na Bukoba, na hadi fuo zetu za kusini, kilikuwa maji.

Meli za kazi hiyo ziliundwa Uskoti. Fundi aliziunganisha kwanza kiwandani kwa boliti, akaandika namba kwenye kila bamba, akazifungua tena na kuzipakia vipande vipande. Vipande vilivuka bahari hadi Mombasa, vikapanda treni, na Kisumu vikapigiliwa ribiti upya.

Ya kwanza, SS William Mackinnon, ilikuwa na safari ngumu kuliko zote, kwa sababu iliagizwa kabla reli haijafika. Baadhi ya vipande vyake vilibebwa na wapagazi kutoka pwani. Iliteremshwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred na Sybil, Clement Hill, Nyanza, kisha mapacha wawili waliotengenezwa Paisley karibu na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: Usoga, na ile iliyobeba jina la kisiwa cha kaunti hii ya Homa Bay, SS Rusinga.

Ukitaka kuelewa gati zilifanya nini, mtazame Arthur Carscallen. Novemba 1906 mmishonari huyo Mwadventista, pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alivuka kutoka Kisumu kwa maji akashuka upande wa Kendu Bay. Kutoka kwenye kilima cha Gendia kukaanza kanisa ambalo leo lina waumini wengi kote Nyanza na Gusii. Na si kanisa hilo peke yake. Wakoloni walifika upande huu kwa maji, na makao yao ya kwanza ya Nyanza Kusini yalikuwa Karungu, ufukweni, kabla ya kuhamia Kisii. Wafanyabiashara Wahindi, Waarabu, Wasomali na Waswahili walikuja kwa njia ileile. Msikiti wa kale wa Kendu Bay ni ushahidi unaosimama hadi leo.

Septemba 1914 Wajerumani walipoingia Kisii, askari wa KAR (King's African Rifles) waliletwa kwa meli kutoka Kisumu hadi upande wa kusini wa ghuba, wakapanda kwa miguu kwenda kupigana. Baada ya hapo meli zilibeba vijana wa eneo hili kwenda Kariako, kikosi cha wabeba mizigo. Makumi ya maelfu ya wabeba mizigo wa Afrika Mashariki hawakurudi.

Vita vilipokwisha, gati zikawa za pamba. Viwanda vya kuchambua pamba vilisimama Homa Bay na Kendu Bay karibu na maji kwa sababu moja tu, kwamba robota la pamba lilisafiri kwa meli. Ngozi na nafaka zilifuata njia hiyo. Na watu pia: kijana aliyekwenda kutafuta kibarua Kericho, Nairobi au Mombasa alianza safari kwa kupanda meli kwenda Kisumu.

> Kijana aliyekwenda kutafuta kibarua Kericho, Nairobi au Mombasa alianza safari kwa kupanda meli kwenda Kisumu.

Ramani kwanza, taa baadaye

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na Kenya ina asilimia 6 tu. Lakini asilimia hiyo ni ngumu. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, imejaa ghuba ndogo, miamba na visiwa, na inafunguka kwenye ziwa kuu kupitia mlango mwembamba ulio karibu na Rusinga.

Kwa hiyo kabla ya meli kubwa kuzoea njia, afisa wa jeshi la maji la Uingereza, B. Whitehouse, alizunguka mwambao akipima kina kwa kamba na risasi. Ramani zilizotokana na kazi ya enzi hiyo zilitumika kwa vizazi. Baada ya ramani zilikuja alama: vinara juu ya miamba, maboya kwenye njia, taa kwenye bandari na visiwa. Idara ya meli ya reli, ambayo baadaye ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ndiyo iliyozitunza. Shirika hilohilo lilikuwa na meli, gati na taa, kwa hiyo taa ikizimika nahodha alijua pa kulalamika.

Hilo la mwenyewe mmoja ndilo ninaloliona kuwa kiini cha makala haya yote.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Meli ziligawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kila nchi ilichukua chombo chake na bandari zake, na taa za ziwa, ambazo kwa asili yake humfaa kila anayepita bila kujali bendera, zilibaki katikati. Nyingi ziliharibika, nyingine ziling'olewa vifaa, nyingine ziliachwa tu.

Kenya iliendelea kwa miaka kadhaa na vyombo vidogo vya Shirika la Reli vilivyopita Kendu Bay, Homa Bay, Asembo Bay na Mbita. Kisha likaja gugu maji. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam. Rafadha zilinaswa, gati zikazungukwa na zulia la kijani ambalo hata mtumbwi haukuweza kulipasua. Wakati huo barabara nazo zilikuwa zimeanza kuchukua abiria. Meli za Homa Bay hazikurudi tena katika hali ile ya zamani.

Taa inayowaka ndiyo inayohifadhika

Huenda msomaji akauliza kwa nini tupoteze wino kwa nguzo za kale wakati watu wanakufa ziwani. Swali ni halali, na jibu langu ni kwamba mambo haya mawili ni kazi moja.

Idadi inayotajwa mara kwa mara na wadau wa usalama wa ziwa ni vifo takriban 5,000 kila mwaka katika nchi zote tatu. Ni makadirio, kwa sababu wengi huzama bila kuandikwa popote. Si haki kulaumu giza kwa yote. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zilikuwa na abiria kupita kiasi. Taa isingeziokoa.

Lakini wengi wanaokufa hawako kwenye meli zenye majina. Wako kwenye boti za mbao, usiku, na usiku ndio wakati mbaya wa ziwa hili. Jua likizama, nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo huteremka kutoka pande zote ukakutana juu ya ziwa, hewa ikapanda, radi zikaanza. Dhoruba nyingi kali hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa omena wako kazini.

Hata vyombo vikubwa havijasalimika. Mei 2005 meli mbili za Uganda, Kabalega na Kaawa, ziligongana ziwani na Kabalega ikazama.

Simu zimesaidia. Mwenye simu ya kisasa anaweza kujua alipo kwa setilaiti. Lakini simu hulowa, betri huisha, na mikono inayokamua maji kwenye boti haina nafasi ya kushika kioo. Taa ya nchi kavu haihitaji chaji ya mvuvi. Na teknolojia imeifanya kuwa rahisi: mahali palipohitaji mlinzi, mafuta na kioo kizito cha Fresnel, leo taa ndogo ya LED yenye paneli ya jua hujiwasha na kujizima yenyewe kwa miaka. Utaratibu wa kimataifa unaotumika Afrika uko wazi: ukiingia bandarini, taa nyekundu iwe kushoto na kijani iwe kulia.

Kinachokosekana ni mahali imara pa kuiweka na mtu wa kuilinda. Gati ya kale inaweza kuwa mahali hapo, na ikipewa kazi itapata walinzi. Jengo la kale lisilo na kazi ndilo linaloibwa mabati.

> Jengo la kale lisilo na kazi ndilo linaloibwa mabati.

Chuma, maji na katapila

Adui wa kwanza wa gati ni biashara ya chuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchini baada ya uharibifu wa nguzo za umeme na reli, kisha miezi michache baadaye ikairuhusu tena kwa masharti mapya. Nguzo za umeme zina mhandisi anayezililia zikikatwa. Kigingi cha kufungia meli kilichotupwa pembeni mwa gati hakina. Uzito wake kwenye mizani ya muuza chakavu ndio thamani pekee ambayo mtu amewahi kukitajia.

Adui wa pili ni ziwa lenyewe, na hapa mambo ni magumu zaidi. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda karibu mita mbili na nusu, mpaka bandari kote ziwani zikalazimika kujirekebisha. Kiwango cha Mei 1964 kilidumu kama rekodi kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2020 kikafikiwa na kupitwa kidogo: kipimo cha Jinja kilisoma takriban mita 13.42. Familia nyingi za Homa Bay, Migori, Kisumu na Busia zilihama makwao, na mialo mingi ilizama.

Ila maji hayohayo yanatupa sababu ya kuhifadhi ambayo wahandisi wanapaswa kuwa wa kwanza kuitetea. Gati ya kale ni kumbukumbu ya vina. Nyongeza za saruji juu ya saruji, mistari ya kutu kwenye chuma, urefu wa nguzo zilizoongezwa: vyote vinaeleza ziwa lilifika wapi na watu walifanya nini. Anayejenga gati mpya bila kusoma ile ya zamani anaanza kazi bila daftari la miaka mia.

Chuma kwenye maji baridi huoza polepole kuliko baharini. Kinachoonekana kama gofu juu ya maji mara nyingi kina nguvu chini yake. Kubomoa kwa sababu ya sura ni uamuzi wa haraka.

Adui wa tatu ni katapila, na huyu huja na nia njema. Bandari ya Kisumu ilikarabatiwa kwa takriban Sh3 bilioni, na MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960, ikafufuliwa mwaka 2019 kubeba mafuta kwenda Uganda. Tangu hapo ahadi za kufufua gati ndogo za ghuba zimesikika mara kwa mara. Sherehe za Madaraka zilipofanyika Homa Bay tarehe 1 Juni 2025, zikiwa na kaulimbiu ya uchumi wa buluu, matumaini yalipanda zaidi.

Tunazihitaji bandari hizo. Ninaandika bila kusita kwamba gati inayofanya kazi ni bora kuliko kumbukumbu isiyotembelewa. Lakini eneo hili limeshawahi kuonja ujenzi wa majini uliofanywa bila kuliuliza ziwa. Miaka ya 1980 mlango mwingine mdogo wa maji, ulio kati ya Mbita na Rusinga, ulizibwa kwa tuta la barabara. Watu walipata njia, lakini maji yaliacha kupita, na wavuvi na wanasayansi walilalamika kwa miongo kuhusu maji kutuama na mazalia ya samaki. Hatimaye tuta lilifunguliwa na daraja likajengwa. Gharama ya kurekebisha ililipwa na kizazi kilichofuata.

Mikono mingi, mwenyewe hakuna

Muulize mtu gati ya Homa Bay ni ya nani, utapata majibu matano, na yote yana msingi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka vivuko na bandari chini ya kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Hapo Gavana na bunge la kaunti wana mamlaka. Lakini ardhi na majengo ya gati za kale yalikuwa mali ya reli, na Shirika la Reli Kenya lina madai yake. Mamlaka ya Bandari, KPA, imepewa jukumu katika bandari za ndani, Kisumu ikiwa mfano. Usalama wa vyombo uko kwa Mamlaka ya Safari za Majini, KMA. Na Katiba hiyohiyo inaacha majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, ambayo hufanya kazi hiyo kupitia Makavazi ya Kitaifa kwa Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006.

Sheria hiyo inamruhusu Waziri kutangaza jengo kuwa la kulindwa. Na tunajua inavyofanya kazi, kwa sababu tumeiona hapa nyumbani. Boma la mawe la Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, lilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1981, likaingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji yamedumu karne kadhaa, na sasa yana lango, waelekezi na wageni. Kisiwani Rusinga, kaburi la Tom Mboya nalo linatunzwa.

Gati haina bahati hiyo, na sababu moja haisemwi hadharani mara nyingi. Wapo wasomi na wazee wanaoona kwamba Thimlich ni yetu, lakini gati ni ya mkoloni. Ilipeleka kodi ya kibanda na ilipeleka vijana vitani. Kwa nini tuitunze?

Hoja hii si ya kupuuzwa. Inauma kwa sababu ni kweli. Lakini nani alibeba mawe ya gati? Nani alipakia pamba, akachochea kuni za boila, akashika usukani usiku baada ya nahodha Mwingereza kulala? Gati ikibomolewa, atakayesahauliwa ni kuli, serahangi na baharia wa Kijaluo na Kisuba, kwa sababu jina lake halikuandikwa kwenye kitabu chochote. Jina la Mackinnon liko salama Uskoti. Mahali pa kuwakumbuka vijana wa Kariako walioondokea upande huu pangeweza kuwa hapohapo ufukweni.

> Gati ikibomolewa, atakayesahauliwa ni kuli, serahangi na baharia wa Kijaluo na Kisuba.

Wavuvi kwa upande wao wana madai yasiyo na falsafa. Kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, wamekuwa wakidai kwa miaka mambo yaleyale katika mialo mingi: mahali pa kuegesha, barafu, choo, taa. Chuma kilichochongoka chini ya maji kwao ni hatari kwa nyavu na boti. Mpango wowote wa uhifadhi ambao hautaanza na kuondoa chuma hicho hautapata rafiki ufukweni, na haustahili kumpata.

Chumbe na Chicago

Zanzibar imejifunza yote mawili, kuhifadhi na kupoteza. Mnara wa taa uliosimama mbele ya majumba ya sultani Mji Mkongwe ulipigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Na Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jirani wa mnara ule, liliporomoka sehemu likiwa katikati ya ukarabati, likaua watu. Jengo la kale halingoji mpaka kamati zikutane.

Lakini kusini mwa mji huo kuna kisiwa cha Chumbe. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, wa mawe, pamoja na nyumba ya mlinzi na msikiti mdogo. Kisiwa na matumbawe yake vilipotangazwa hifadhi mwaka 1994, kampuni iliyopewa usimamizi haikujenga kando ya mnara na kuusahau. Nyumba ya mlinzi iligeuzwa kituo cha wageni. Mnara hupandwa na watalii wanaolipa na watoto wa shule wanaoletwa kujifunza bahari. Pesa za wageni hulipa walinzi, ambao wengi walikuwa wavuvi.

Mombasa nayo ina Ras Serani. Huko mtu akisema jioni anakwenda Lighthouse, ana maana ya viazi karai, mabuyu, upepo na meli zinazoingia Kilindini. Mnara umekuwa sehemu ya maisha ya mji, na kwa hiyo mji mzima ungelia ukiguswa.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, hata hivyo, uko mbali: kwenye Maziwa Makuu ya Marekani, maji baridi kama haya. Huko bandari zimejaa minara iliyosimama juu ya kuta za kuvunja mawimbi. Walinzi walipoondolewa na taa kuwa za kujiwasha, minara ikaanza kuoza. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kuhifadhi minara ya kihistoria. Serikali hutoa mnara bure kwa mji au chama kitakachoahidi kuutunza na kuufungua kwa umma. Asipopatikana, unapigwa mnada.

Mnara wa bandari ya Chicago, uliojengwa mwaka 1893 na kuhamishiwa kwenye ukuta wa mawimbi mwaka 1919, ulikabidhiwa mji huo mwaka 2009. Jambo la kuiga ni mgawanyo wa kazi: chini ya utaratibu huo taa yenyewe, ile inayowaka, hubaki mikononi mwa walinzi wa pwani wa serikali, na jengo huwa la jamii.

Mgawanyo huo ungetufaa. KMA ingeweka na kukagua taa ya jua kwenye ncha ya gati ya Homa Bay na ya Kendu Bay, kwa sababu usalama wa usiku si kazi ya kuachia wahisani. Kaunti na BMU wangeshika gati: ngazi, chumba cha tiketi, ubao wa historia, choo, soko. Makavazi yangetoa ulinzi wa kisheria na fundi wa kuelekeza nini kisiguswe. Shirika la Reli lingetoa kitu ambacho hakimgharimu mtu, michoro ya asili na rejista za idara ya meli, kama bado ziko kwenye makabati.

Kabla ya zabuni

Kuna dirisha, nalo ni dogo. Mradi wowote wa bandari unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999, na tathmini hiyo lazima isikilize wananchi. Bajeti ya kaunti nayo hupita kwenye vikao vya umma kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Katika vikao hivyo watu wa Rangwe na Asumbi huomba barabara, maji na zahanati, na wana haki. Mtu mmoja tu akisimama kuuliza gati ya zamani itapimwa lini, swali litaingia kwenye kumbukumbu za kikao, na mhandisi atalazimika kulijibu kwa maandishi.

Kupima hakuhitaji mfadhili wa nje. Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko mjini Homa Bay, na Chuo Kikuu cha Rongo kiko upande wa Migori. Wanafunzi na mhadhiri mmoja, kwa utepe wa kupimia, kamera na mzamiaji anayejua eneo, wanaweza kuchora gati moja kabla muhula haujaisha: kila nguzo, kila kigingi, kila alama ya maji.

Sehemu ya pili ya kazi ni ya chuo cha walimu cha Asumbi. Waliofanya kazi kwenye meli za mwisho za Shirika la Reli, makuli, mabaharia, makarani wa tiketi, ni wazee sasa, na wanaishi katika vijiji ambavyo wanafunzi wa ualimu hupelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Kinasa sauti kiko kwenye simu ya kila mmoja wao. Maswali ni mepesi: meli ilifika saa ngapi, taa ilikuwa wapi, ilikuwa ya rangi gani, nani aliiwasha, na ni nani aliyekuja mara ya mwisho kuitengeneza.